Giaboksi ya Otomatiki na Sauti Zake

Leo nataka kueleza jambo linalowahusu watu wengi wa hapa Kibaoni na vijiji vya jirani, nalo ni sauti ngeni zinazotoka katika magari makuukuu yenye giaboksi ya otomatiki, na jinsi ya kutambua sauti hizo zatoka wapi kabla mtu hajatoa fedha yake. Mimi si fundi. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwa mzee mmoja, fundi wa hapa Kibaoni, ambaye nimemsaidia kushika taa na kumpa spana katika likizo mbili. Mengine nimeyapata darasani katika somo la Fizikia. Nilipoyalinganisha niliona yanapatana, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwanza yafaa kujua kwa nini magari ya namna hii ni mengi kwetu. Wajapani hupita upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na usukani wa magari yao uko kulia. Kwa hiyo gari likishatumika kwao miaka kadhaa, hutufaa sisi bila kubadilishwa kitu. Nao Wajapani wanapenda sana otomatiki. Basi basi dogo linaloteremka bandarini Dar es Salaam likiwa na umri wa mtu mzima, huja kufanya kazi ya kuchukua abiria na magunia ya mpunga kutoka Majimoto na Usevya hadi Mpanda. Giaboksi ya gari hilo ikifa, gari husimama. Gari likisimama, mgonjwa wa usiku hana wa kumfikisha hospitali, mpunga hubaki ghalani, na mtoto aliye bwenini huandika barua nyumbani akiomba sabuni asipate jibu.

Nitaeleza kidogo jinsi giaboksi hii inavyofanya kazi, kwa maana asiyejua kilichomo ndani hawezi kujua kinacholia.

Katika gari la kawaida dereva hukanyaga klachi kwa mguu na kubadili gia kwa mkono. Katika otomatiki kazi hizo hufanywa na oili. Baina ya injini na giaboksi kuna chombo cha mviringo ambacho mafundi hukiita konveta. Fikirini feni mbili zilizoelekezana. Ukiwasha moja, upepo wake utaizungusha ile ya pili ingawa hazigusani. Ndani ya konveta mambo ni hivyo hivyo, ila badala ya upepo kuna oili. Feni ya kwanza huzungushwa na injini, nayo huirushia oili feni ya pili iliyoshikamana na giaboksi. Chombo cha kupitisha nguvu kwa njia hii kilibuniwa na Mjerumani, Hermann Föttinger, aliyepata hataza yake mwaka 1905, naye alikuwa akifikiria meli, si motokaa. Motokaa zilikuja kufaidika baadaye. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza giaboksi yake ya Hydra-Matic mwaka 1939 kwa magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, na hiyo ndiyo otomatiki ya kwanza kutengenezwa na kuuzwa kwa wingi.

Nyuma ya konveta kuna pampu ya oili. Tafadhali ishikeni sana habari ya pampu hii, kwa maana nitairudia mara nyingi. Huzungushwa na injini moja kwa moja. Injini ikizunguka, pampu yazunguka, hata kama gari limesimama. Injini ikizimwa, pampu nayo yalala, hata kama gari linakwenda.

Kisha zipo gia zenyewe, nazo huitwa gia za sayari. Katikati pana gia moja iliyo kama jua, pembeni yake gia ndogo tatu au nne zinazoizunguka kama sayari, na nje pana pete yenye meno upande wa ndani. Pete ikishikwa isizunguke, mwendo unaotoka ni wa namna moja. Jua likishikwa, mwendo ni wa namna nyingine. Kazi ya kushika na kuachia hufanywa na sahani nyembamba za klachi zinazobanwa kwa nguvu ya oili. Kwa hiyo oili katika giaboksi hii si ya kulainisha tu. Ndiyo inayosukuma konveta, ndiyo inayobana klachi, na ndiyo inayoondoa joto na kulipeleka kwenye rejeta. Gari la kawaida lenye upungufu wa oili ya giaboksi laweza kwenda miezi mingi likilalamika. Otomatiki haina subira hiyo.

Sasa tuje kwenye sauti. Yule mzee wangu, gari linapoletwa kwake likilia, halazi mkeka chini ya gari upesi. Hukaa juu ya tairi lake kuukuu akauliza maswali, na swali lake la kwanza ni hili: "Inalia gari likiwa limesimama, au mpaka likitembea?" Wenye magari wengi hawana jibu, husema tu, "Mzee, giaboksi inalia." Basi huwarudisha ndani ya gari wakajaribu.

Ukitaka kufanya jaribio hilo, simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, washa injini, acha gia kwenye P. Sikiliza. Kanyaga mafuta kidogo. Kama unasikia sauti nyembamba kama mluzi wa mbu, nayo hupanda kila injini inapopanda, basi chanzo chake ni kitu kinachozunguka pamoja na injini. Huenda ni pampu ya giaboksi, lakini huenda pia ni pampu ya usukani, au altaneta, au beringi ya puli ya mkanda. Mzee hutenganisha hizo kwa bisibisi ndefu. Huweka ncha kwenye chuma cha altaneta na mpini kwenye mfupa wa sikio, kisha huhamia kitu kingine, mpaka apate panapolia zaidi. Daktari hufanya hivyo hivyo kwa kifua cha mtu. Anayejaribu asivae shati lenye mikono inayoning'inia, wala asiupeleke mkono karibu na feni na mikanda.

Ikiwa sauti ni ya pampu ya giaboksi, mara nyingi pampu yenyewe haina kosa. Inalia kwa sababu inavuta hewa pamoja na oili, ama kwa kuwa oili imepungua, ama kwa kuwa kichujio kimeziba. Viputo vya hewa vikifika penye msukumo mkubwa hupasuka, na mapasuko hayo maelfu ndiyo mluzi tunaousikia.

Kama gari likiwa kwenye P au N ni kimya, lakini ukikanyaga breki kwa nguvu na kuweka D husikika sauti ya kusaga au kuvuma, nayo hutoweka ukirudisha N, hapo shaka iko kwenye konveta. Sababu yake yaeleweka kwa mfano wa feni. Kwenye N feni zote mbili zinazunguka karibu sawasawa. Kwenye D, gari likiwa limeshikwa na breki, ile ya pili imesimama na ya kwanza inazunguka, na beringi zilizo baina yao ndipo zinapofanya kazi. Msifanye jaribio hili kwa kukanyaga mafuta. Oili hupata joto kali kwa muda mfupi sana, na gari laweza kuruka mbele.

Mchacharo kama wa kopo lenye changarawe, hasa injini ikizunguka taratibu, waweza kuwa bamba linalounganisha injini na konveta limepata ufa au boliti zake zimelegea. Lakini katika barabara zetu, mara nyingi ni bati la kukinga joto la ekzosi lililolegea kwa mitikisiko. Lipige kwa ngumi likiwa baridi. Likijibu kwa sauti ile ile, umeokoa fedha nyingi.

Sasa gari litembee. Hapa ndipo Fizikia iliponifurahisha. Tuseme gari linakwenda kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde, na mzingo wa tairi ni mita 2. Gurudumu litazunguka mara 10 kwa sekunde. Tuseme injini, ikiwa gia ya tatu, inazunguka mara 40 kwa sekunde. Dereva akiruhusu gia ya nne ambayo uwiano wake ni 0.7, injini itashuka hadi mara 28 kwa sekunde, lakini gurudumu litabaki 10. Kwa hiyo sauti ikishuka pamoja na injini, inatoka mbele, kwenye injini, konveta au pampu. Isiposhuka wala kubadilika, inatoka kwenye vitu vinavyofuata mwendo wa gari: propela, difu, beringi za magurudumu, au matairi yenyewe.

Otomatiki nyingi za Kijapani za miaka ya 1990 zina kitufe cha O/D kwenye mkono wa gia. Kikibonyezwa, taa ya O/D OFF huwaka na giaboksi hukataa gia ya nne. Hicho ndicho chombo cha jaribio, wala hakinunuliwi. Katika barabara nyoofu ya lami isiyo na watu, dereva ashike mwendo ule ule, mwenzake asikilize, na kitufe kibonyezwe, kiachwe, kibonyezwe tena. Lipo na jambo la ziada. Katika nyingi za giaboksi hizi za gia nne, kwenye gia ya tatu gia za sayari zote hufungana na kuzunguka kama kitu kimoja, meno hayasagani. Basi sauti inayosikika gia ya kwanza, ya pili na ya nne, kisha ikanyamaza kwenye ya tatu, hiyo kweli ni ya gia za sayari, na mwenye gari ana haki ya kuhuzunika.

Mvumo unaokua na mwendo, na kubadilika gari linapokata kona, ni wa beringi ya gurudumu. Ukikata kulia, uzito huegemea kushoto, na beringi mbovu ya kushoto itavuma zaidi. Kualika tak-tak-tak wakati wa kukata kona, katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, ni viungo vya shafti za mbele. Mgongo mmoja mzito, "ko!", unapotoa gia P kwenda D au R, mara nyingi ni krosi ya propela iliyolika au mipira inayobeba injini na giaboksi iliyopasuka. Nimeona watu wakiusikia mgongo huo na kusema giaboksi imekatika. Mpira mmoja wa kubeba injini na giaboksi nzima si bei moja hata kidogo!

Namna nyingine si sauti hasa bali mtikisiko, kama gari linapita juu ya matuta madogo madogo, kwenye mwendo wa kilomita 60 hadi 80, dereva akikanyaga mafuta kidogo tu. Ndani ya konveta kuna klachi inayozifunga zile feni mbili zisipoteze mwendo, na klachi hiyo ikishika kwa kusitasita, gari hutetemeka. Gusa breki kidogo tu. Katika magari mengi hilo huifungua klachi hiyo, na mtikisiko ukikoma hapo hapo umepata jibu. Dawa ya kwanza ni oili mpya iliyo sahihi. Nami hapa niseme neno la kushangaza: ili klachi zishike kwa ulaini, zamani watengenezaji wa Marekani walitia katika oili hii mafuta ya nyangumi, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 yalipokatazwa kwa ajili ya kuwalinda nyangumi wasiishe. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na dawa za viwandani.

Kwa kuwa oili ni nusu ya habari yote, nitakaa hapo kidogo. Watu wengi huipima kama oili ya injini, yaani injini ikiwa imezimwa, nao hupata kipimo cha uongo. Injini ikizimwa, oili iliyokuwa juu, na wakati mwingine sehemu ya ile ya konveta, huteremka kwenye sampu, na kijiti huonyesha imejaa kumbe haitoshi. Katika magari mengi, Toyota mojawapo, gari huendeshwa kwanza mpaka lipate moto, likasimamishwa mahali tambarare, injini ikaachwa inazunguka, breki ikakanyagwa na mkono wa gia ukapitishwa taratibu nafasi zote na kurudi P. Ndipo kijiti hutolewa, hupanguswa kwa kitambaa kisicho na nyuzi, hurudishwa, hutolewa tena, na kusomwa kwenye alama ya HOT. Wapo watengenezaji wachache wanaotaka injini izimwe, kwa hiyo kitabu cha gari kisomwe. Magari mengine ya miaka ya karibuni hayana kijiti kabisa, na hayo ni ya kupelekwa kwa fundi mwenye vifaa.

Oili nzuri ni nyekundu na hupenya nuru. Ikiwa ya kahawia na yanuka kuungua, klachi zimeteketea kiasi. Ikiwa kama maziwa yenye rangi ya waridi, maji ya rejeta yameingia. Sampu ikifunguliwa, tope laini la kijivu juu ya sumaku ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vinavyokwaruza kidole ni habari nyingine. Tena oili isizidi. Ikizidi, vyuma vinavyozunguka huipiga ikatoa povu, pampu ikavuta hewa, na mluzi ukawa ule ule wa upungufu. Na kila giaboksi ina oili yake. Giaboksi ya mkanda, ambayo haina gia za sayari za kubadilisha mwendo bali mkanda wa chuma na puli mbili, ikitiwa oili ya otomatiki ya kawaida huharibika. Magari mawili yanayofanana kwa jina na umbo yaweza kutofautiana kwa hili, basi mtu asinunue oili kwa kutazama gari la jirani.

Nitatoa mfano mmoja niliouona kwa macho. Likizo ya Juni mwaka jana, gari la mjomba wangu, basi dogo la miaka ya 1990, lilianza kulia. Gereji moja ya mjini ilimwambia giaboksi imekwisha, atafute nyingine. Mjomba alikuwa tayari kuuza ng'ombe wawili. Mama akamsihi kwanza alilete kwa mzee.

Mzee alimwamkua mjomba, akaketi juu ya tairi lake, akauliza swali lake. Gari lilikuwa linalia likiwa limesimama, na mluzi ulipanda na injini. Kisha alilala chini akatazama bila kugusa kitu. "Njoo, mwanangu, uone vumbi," akaniambia. Chini ya gari zima vumbi lilikuwa kavu, ila upande mmoja wa sampu lilikuwa tope jeusi. Alifuata tope hilo kwa kidole mpaka kwenye mpira unaopeleka oili kwenye rejeta. Ulikuwa umesuguana na chuma cha bodi mpaka ukatoboka tundu dogo, na oili ilikuwa ikitoka kwa matone injini ikiwa moto tu. Mpira ulibadilishwa, oili ya namna iliyoandikwa kwenye kitabu ikaongezwa nusu lita nusu lita, ikipimwa kila mara. Ilichukua lita moja na nusu. Mluzi ukakoma.

Tulipolijaribu barabarani, sauti ya pili ikatokea, mvumo ambao mluzi ulikuwa ukiufunika. Kitufe cha O/D hakikuubadili hata kidogo, na kona ya kulia iliuongeza. Gurudumu la nyuma kushoto lilipoinuliwa kwa jeki na kuzungushwa kwa mkono, mzee alishika springi kwa vidole na kuhisi mikwaruzo ya beringi. Hiyo nayo ikabadilishwa. Ng'ombe hawakuuzwa. Lakini gari halikurudi upya kabisa: lilitembea majuma matatu na oili pungufu kabla ya kuletwa, na mpaka leo asubuhi, likiwa baridi, huchelewa kuingia gia ya tatu. Mzee alisema sahani za klachi zimepungua unene, na hakuna oili itakayozirudishia.

Limebaki jambo la kuvuta gari lililoharibika, nalo ni la hatari kwetu kwa sababu gari likikwama ndani ya Hifadhi ya Katavi, mtu hataki kulala huko pamoja na simba na tembo. Hufunga kamba kwenye lori la kwanza lipitalo na kuvutwa. Kumbukeni pampu: injini imezimwa, kwa hiyo haisukumi oili, lakini magurudumu yanazungusha gia zikiwa kavu, na beringi huungua kimyakimya. Vitabu vya magari mengi huruhusu kuvuta kwa mwendo mdogo na umbali mfupi tu, na vingine vyakataza kabisa. Kwa sababu hiyo hiyo dereva asizime injini akiteremka mlima kwa kutaka kuokoa petroli, licha ya kwamba breki na usukani pia huwa vizito. Gari linalovutwa na magurudumu ya nyuma lifunguliwe propela upande wa difu, boliti nne, na propela ifungwe juu kwa waya isiburute. Gari la magurudumu ya mbele liinuliwe mbele, au lipakiwe juu ya lori. Tochi, spana namba 12 na 14, na waya mita mbili hukaa chini ya kiti cha mjomba siku zote.